Mwenyekiti wa Dimbwi

Jumatatu, 3 Machi

Bomba la jiji bado linavuja mbele ya duka langu la udobi. Lilipasuka wakati wa mvua, mvua ikaisha, lenyewe halina habari. Maji safi yanabubujika barabarani mchana kutwa, yamefanya dimbwi, gari likipita wateja wangu wanaoga tope. Ndani, nikifungua bomba langu, linakohoa. Linatoa hewa, linatoa kutu, linanyamaza. Dobi asiye na maji! Nichekeni tu.

Ila jambo lenyewe si la kuchekesha. Anayetulisha hapa ni Mama Gesti, mwenye nyumba ya wageni pale kona. Mashuka yake yote nafua mimi. Leo amekuja na shuka moja, akalitandaza juu ya kaunta na kuniuliza rangi ile inaitwaje. Nikasema nyeupe. Akasema mgeni wake ameuliza kama lilimwagikiwa chai. Nafua kwa maji ya dimbwi, nifanyeje? Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Mashuka yasipong'aa, anahamia kwa dobi wa mjini mwenye mashine. Akihama Mama Gesti, nafunga duka. Hakuna maelezo mengine.

Mke wangu akashauri tufukue bomba wenyewe. Ufa mdogo, tuufunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, basi. Nikamuuliza tyubu tutaitoa wapi. Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, ambaye ana baiskeli mbovu imening'inia ukutani miaka nenda miaka rudi.

Kwa kinyozi! Bora nife. Mtu aliyenitangaza mtaa mzima kwamba taulo zake zilirudi kutoka kwangu zikiwa za waridi! (Waridi kidogo tu. Kwenye kivuli huoni.) Tangu siku hiyo anafua mwenyewe na mimi nanyolewa na mke wangu, na hatuombani hata kiberiti.

Isitoshe, nikamweleza mke wangu kwa upole, bomba ni la jiji. Mwananchi anayejizibia bomba anawalemaza viongozi. Kesho naenda kwa diwani. Atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Diwani hakunitambua.

Wakati wa kampeni alikuja dukani, akanikumbatia, akabeba kapu la nguo chafu mbele ya mpiga picha, akaniita ndugu yake wa damu. Leo kaniuliza mimi ni nani na nimeingiaje. Mtaani tunamwita Mheshimiwa Mchakato. Taa za barabarani? Zipo kwenye mchakato. Takataka? Mchakato. Zahanati isiyo na paa? Iko hatua nzuri ya mchakato. Nikamweleza bomba. Akafumba macho, nikadhani anasali, kumbe analitafuta neno. Akalipata.

Akanipeleka Idara ya Maji. Maji wakasema dimbwi liko juu ya barabara, kwa hiyo niende Barabara. Barabara nikakuta bwana mmoja anakula karanga. Akasema barabara yenyewe nzima kabisa, tatizo ni maji yaliyo juu yake. Nikarudi Maji. Dirisha limefungwa, wamekwenda semina. Nikapanda Idara ya Malalamiko. Mlango hauna kitasa. Nikagonga, mtu wa ndani akasema hata yeye anasubiri kufunguliwa.

Wamenipiga danadana mpaka jua likageuka. Narudi mtaani, kinyozi kasimama mlangoni na mkasi wake, wateja wamemjaa, akaniamkia kwa sauti: “Shikamoo mheshimiwa! Bomba vipi?” Kicheko. Nikajifanya hamnazo, nikapita, nikakanyaga dimbwi hadi kwenye magoti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikufikiria mapema. Jiji hili haliji kwa mwenye shida, linakuja kwa mwenye cheo.

Nilijifungia chooni na simu. Nikabana pua, nikaweka sauti ya mtu aliyeshiba, nikapiga ofisi za jiji. Nikasema naongea kwa niaba ya mkubwa. Mkubwa atapita mtaa wetu keshokutwa, kwa miguu, na anapenda usafi. Sikusema mkubwa yupi, na uzuri wake ni kwamba hakuna aliyethubutu kuuliza. Upande wa pili nikasikia kiti kinaanguka.

Nilipotoka mke wangu akauliza kama nina mafua.

Jumamosi, 8 Machi

Kumbe jiji lina watu! Kumekucha, malori yamejaa mtaani. Vijana wa ufagio, wa rangi, wa majembe. Wamefagia mpaka vichochoro ambavyo sisi wenyewe tulivisahau. Wamepaka chokaa kingo za barabara. Wamepanda miti, ingawa nilipoushika mmoja ulitoka mkononi mwangu, lilikuwa tawi tu limechomekwa. Nami nimevaa shati la sikukuu, nawasubiri mafundi wa bomba.

Msimamizi akafika kwenye dimbwi. Akalitazama. Akakuna kisogo. Kisha akaagiza mabati. Wamesimamisha ukuta wa mabati ya bluu kuzunguka dimbwi, na kwa kuwa dimbwi liko mlangoni kwangu, na duka langu nalo limefichwa! Ng'ambo, kwa kinyozi, wamempaka chokaa, wamemwekea taa na benchi jipya la mbao la kupumzikia wananchi. Benchi! Wateja wake wamekaa pale wakinyoosha miguu huku wangu wananitafuta nyuma ya mabati kwa kuniita jina.

Nikamvaa msimamizi. Akasema nisiwe na wasiwasi, mkubwa akishapita wataondoa. Nikamuuliza, asipopita je? Akanitazama kwa huruma, akasema basi yatakaa mpaka apite.

Kinyozi alivaa tai akamsubiri mkubwa hadi jioni. Hilo angalau lilinifariji.

Jumapili, 9 Machi

Mabati yametoweka. Sijui lolote. Banda la kuku la mama mkwe limeezekwa upya, na limependeza sana, la bluu. Mama mkwe naye hajui lolote.

Jumatano, 12 Machi

Tatizo la ile mbinu lilikuwa moja: jiji halikuona haya. Linapaswa kuaibishwa. Hadharani. Gazetini!

Nimekwenda sokoni nikanunua kambare wazima ndani ya ndoo. Mke wangu akafurahi akidhani ni kitoweo. Nikawamwaga kwenye dimbwi. Wakazama, wakaibuka, wakapiga mikia, watoto wa mtaa mzima wakaja mbio. Nikamwita mwandishi wa habari ambaye mashati yake nafua. Nikamsimamisha pazuri. Nikampa na kichwa cha habari: Jiji Lafuga Samaki Barabarani.

Kila kitu kilikuwa tayari. Mimi nimekunja uso, nimenyoosha kidole kuelekea dimbwi, kamera imeinuliwa. Mara kinyozi huyo! Kofia kubwa kichwani, fimbo yenye uzi mkononi, kalisogeza benchi lake la jiji mpaka ukingoni mwa dimbwi, kaketi akiuzamisha uzi majini na kutabasamu. Watu wakaangua kicheko. Mwandishi naye, msaliti mkubwa, akamgeuzia kamera.

Alhamisi, 13 Machi

Gazeti limetoka. Picha ukurasa mzima: kinyozi na dimbwi. Chini yake: Wakazi wafurahia eneo jipya la mapumziko. Mimi nimeonekana kiwiko.

Ijumaa, 14 Machi

Hatimaye afisa wa jiji amekuja kwa miguu yake mpaka mlangoni kwangu! Nikakimbia kumpokea. Alikuwa Afisa Uvuvi. Alivaa jaketi la kuokolea watu majini.

Akaniuliza kama nina kibali cha kufuga samaki kwenye hifadhi ya barabara. Nikamwonyesha bomba. Akasema bomba si la idara yake. Nikamwambia maji yote haya yanatoka hapo, mtaa mzima hauna tone. Akasema inasikitisha, ila idara yake inahusika na vilivyomo majini tu, si maji yenyewe. Akawavua kambare mmoja mmoja, akaondoka nao kama kielelezo cha kesi.

Jioni upepo ulivuma kutoka ofisi ya kata. Kielelezo kilikuwa kinakaangwa.

Jumatatu, 17 Machi

Habari kubwa! Meya ameiona picha ya gazetini. Anakuja mwenyewe, Ijumaa. Mke wangu kaniuliza mara tatu kama nilibana pua. Naapa safari hii si mimi.

Leo jioni tumekutana wakazi wote, kwenye lile benchi, kuchagua atakayesema mbele ya Meya. Kinyozi alijipendekeza kwa kukata watu ndevu bure. Mimi nikasimama nikaeleza nilivyozungushwa Maji na Barabara, na mlango usio na kitasa. Watu wakaguna. Kisha bibi yake fundi cherehani, mzee kabisa, anayeteka maji mtaa wa pili na kuyabeba mwenyewe, akasema hana maneno mengi. Anataka tu aoge siku moja bila kupima maji kwa kikombe. Kinyozi akaweka mkasi chini. Nikamwahidi mbele za watu kwamba Ijumaa nitamsemea yeye kwanza.

Nikachaguliwa. Mama mkwe alimpigia kinyozi kura, lakini nimemsamehe.

Mke wangu ameniandalia hotuba. Ni fupi: Fungeni bomba, mtupe maji. Amesema nisiongeze hata salamu. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Uso wangu unafaa sana kusema jambo hili.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui niandikeje.

Meya alifika na msafara, Mheshimiwa Mchakato akimkimbilia nyuma na mwavuli ingawa hakukuwa na jua wala mvua. Meya akasimama mbele ya dimbwi. Akatazama maji yanavyoruka kutoka kwenye ufa. Macho yakamlengalenga. Kisha akashika kipaza sauti na kusema kwamba miji mikubwa yote duniani ina chemchemi, na leo, kwa juhudi za uongozi wake, na mji wetu umepata ya kwake. Akakata utepe! Utepe ulitoka wapi? Pakawekwa kibao: Chemchemi ya Maendeleo.

Mke wangu akanisukuma mgongoni. Zamu yangu. Nikashika kipaza sauti. Bibi alikuwa mstari wa mbele, amekaa kwenye ndoo yake aliyoipindua. Nikafungua mdomo.

Meya akaniwahi. Akasema chemchemi inahitaji mwenyekiti, mtu anayeipenda kutoka moyoni, na ameambiwa ni mimi niliyeitilia samaki. Akanivika jaketi la kijani lenye mistari inayong'aa. Akanivika filimbi. Watu wa msafara wakapiga makofi. Nikasikia mtu anamshukuru Meya kwa maono yake mapana, anasema mtaa wetu umetoka gizani, anasema wakazi hawana la kuongeza. Nikageuka kumtazama huyo mjinga ni nani. Alikuwa mimi.

Makofi hayajaisha, mke wangu ameshaondoka. Bibi akaigeuza ndoo yake, akajitwika, akashika njia ya mtaa wa pili bila kunitazama. Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma sana.

Baadaye nikajitazama kwenye kioo. Jaketi limenikaa vizuri.

Jumanne, 25 Machi

Uongozi ni mzigo. Watu hawaujui. Jiji limejenga matofali kuzunguka chemchemi na mimi ndiye mwenye dhamana. Asubuhi napuliza filimbi kufungua, jioni napuliza kufunga, ingawa maji yenyewe hayasikii.

Leo fundi cherehani amekuja kulalamika mbu wamezidi. Nikamsikiliza kwa makini, nikiwa nimeegemea kiti. Nikahisi neno linapanda lenyewe kutoka tumboni. Nikamwambia lipo kwenye mchakato. Neno tamu hilo! Lina uzito, halina ncha ya kushika. Alibaki amekodoa macho. Akaniuliza mchakato gani, nikamwambia huo huo.

Mama Gesti ameleta makapu ya mashuka, ya mwisho kabla muda wake haujaisha. Akauliza yatakuwa tayari lini. Nikamjibu vilevile. Mke wangu alinisikia. Hasemi na mimi tangu Ijumaa. Akitaka kitu anamtuma mama yake, na mama yake anafikisha ujumbe pamoja na maoni yake binafsi.

Leo ujumbe ulikuwa: mashuka haya yakiondoka machafu, tutakula filimbi. Maoni binafsi siyaandiki hapa.

Sina nafasi ya mambo madogo. Alhamisi na Ijumaa nina semina, ya kulala huko huko.

Ijumaa, 28 Machi

Semina ilikuwa nzuri. Uongozi Unaomgusa Mwananchi. Chai, maandazi, viti vyenye mito. Hakukuwa na mwananchi hata mmoja. Nilikaa karibu na Mheshimiwa Mchakato, akanikumbatia akaniita ndugu yake wa damu. Safari hii nadhani alimaanisha.

Nimerudi mtaani nikitembea polepole ili watu walione jaketi. Kufika mlangoni, moyo ukapasuka. Chemchemi imekauka! Tope tupu! Matofali yamewekwa pembeni kwa mpangilio, shimo limefukuliwa, na chini kabisa bomba langu, bomba la jiji, bomba la chemchemi, limezungushiwa mpira mweusi kama mguu uliovunjika.

Mama mkwe akanisimulia kwa raha zake zote. Jana nilipogeuza kona tu, mke wangu alivuka barabara, akaingia kwa kinyozi, akamwomba tyubu. Kinyozi akamwambia: “Shemeji, si mngesema siku zote? Hii baiskeli inanijazia ukuta tu.” Akaishusha, akachomoa tyubu zote mbili, akafunga saluni, akaja na jembe mwenyewe. Fundi cherehani alizikata mikanda. Bibi akakataa kukaa, alikuwa akichota tope kwa ndoo yake na kuwaambia wakaze zaidi. Haikufika adhuhuri, mabomba ya mtaa mzima yakaanza kutapika maji. Watu walipiga vigelegele. Bibi aliingia kuoga, mama mkwe anasema, na alikawia mpaka wakatuma mtu akamgongee.

Kwenye kamba zetu mashuka ya Mama Gesti yanapepea meupe, meupe ya kuumiza macho. Amekuja kuyachukua nikiwa nimesimama pale pale na filimbi yangu. Akanipita kama nguzo. Akamsifu mke wangu, akamkabidhi makapu mapya, akamwambia kuanzia leo atashughulika na yeye tu. Kwenye kamba ya mwisho nimeona taulo za kinyozi. Nyeupe pe.

Mke wangu amezungumza na mimi kwa mara ya kwanza. Ameniuliza kama naweza kupiga pasi.

Nikamuuliza kama anajua kosa la kuharibu kivutio cha jiji bila kibali.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda kwa diwani kudai haki yangu. Chemchemi imekauka, wananchi wamejichukulia sheria mkononi, na Meya ameahidi kuleta wageni waitazame! Mheshimiwa Mchakato akaniuliza mimi ni nani na nimeingiaje. Nikamwonyesha jaketi. Akafumba macho, akasema suala lipo kwenye mchakato.

Kwenye mchakato! Mbele yangu mimi, kiongozi mwenzake! Akanipeleka Maji. Maji wakasema hapo sasa pamekauka, kwa hiyo ni suala la Barabara. Barabara, yule bwana wa karanga akasema barabara nzima, tatizo ni maji yasiyokuwepo juu yake. Malalamiko wamepata kitasa, lakini ufunguo umekwenda semina. Nimezunguka mpaka soli imeachia. Kodi tunalipa, kura tunapiga, tunapata nini? Viongozi gani hawa wasiomsikiliza mtu!

Nimerudi na vumbi hadi kwenye kope. Nikafungua bomba, ndoo ikajaa kabla sijavua jaketi. Nimeoga nikilaani. Nikajaza ya pili nikaoga tena, maana hasira hazikuwa zimeisha.

Kesho nitaingia chooni na simu. Nitabana pua, niwaambie mkubwa anakuja kuona chemchemi, na anapenda ikiwa inavuja.